Kahawa Kabla ya Boneti

Awadh alikuwa mbele ya kioo akiweka sawa kofia yake, na mkewe Khawla akamjia nyuma, akamnyoosha kanzu mabegani na kumwambia neno moja tu.

"Usinywe kahawa ya watu kabla hujafungua boneti."

"Khawla, mimi mtoto mdogo?"

"Mtoto mdogo angenisikiliza. N'nakujua mimi. Ukishatiwa finjani mkononi, huna tena mdomo."

Ilikuwa kweli tupu. Kuna watu wana sukari, kuna watu wana presha. Awadh alikuwa na muhali. Kukataa hawezi, kudai hawezi, na kumwambia mtu usoni jambo la kumuudhi ndiyo kabisa. Miaka yote aliyofanya kazi wizarani hapo Maskati mpaka akastaafu, muuza samaki wa Matrah akimpa samaki aliyelala, humpokea na kumshukuru, akifika njiani akamtupa, na kesho yake akaenda kununua kwa mtu yule yule. Mwenye kugombana na wauza samaki, na mafundi, na mwenye nyumba, alikuwa Khawla. Lakini siku ile Khawla goti limemvimba hata mlangoni hafiki, na gari lazima lipatikane.

Lazima, kwa ajili ya Maram. Maram ni mtoto wao wa pekee. Alimaliza chuo na shahada yake ya kemia, akarudi nyumbani Wadi Kabir, akakaa. Alikaa mpaka majirani wakachoka kuuliza. Kila asubuhi anapiga pasi nguo za kwenda kazini, na kazi haipo. Hatimaye kiwanda kimoja cha rangi kule Rusayl kikamwita kwenye maabara yake: miezi mitatu ya majaribio, akifaa apewe mkataba. Kwenye usaili akaulizwa kama ana gari, kwa kuwa zamu huanza saa moja asubuhi na basi la wafanyakazi hakuna. Maram akajibu analo. Hakuwa nalo. Alikuwa na baba, na baba alikuwa na kiinua mgongo chake, au tuseme kilichobaki.

Sasa hilo gari lenyewe. Awadh aliliona kwenye simu na moyo ukamwenda: la Kitaliano, jekundu, viti vya ngozi, kwa bei ya Tayota iliyochoka. Shemegi yake Bakhit, nduguye Khawla, dereva wa teksi asiyetaniwa katika mambo ya magari, alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mtaliana! Shemegi, unanunua gari au unaoa?"

"Kwani baya?"

"Baya silo. Likiwa zima, hutatamani kushuka. Lakini Mtaliana ndiye gari la kuulizwa alikotoka, nani alimtunza, alifanyiwa nini na lini. Ndiyo maana bei yake inashuka, watu wanaogopa. Basi nisikilizeni." Bakhit akamgeukia Maram, maana alijua nani ndani ya nyumba ile anashika maneno. "Liwasheni likiwa baridi. Gari likikutwa limeshapashwa moto, kuna kitu kinafichwa. Fungueni kifuniko cha oili, mtazame kwa ndani. Mkiona utando mweupe kama maziwa, msiage hata, ondokeni. Likisalimika hapo, nileteeni gereji kule Ghala nilipime kwa kompyuta. Na pesa isitoke mfukoni kabla."

Maram akayarudia maneno yote neno kwa neno. Baba mtu akatikisa kichwa kwa ari, kama kwamba yeye ndiye aliyeyatunga.

* * *

Nyumba yenye gari ilikuwa Azaiba, mtaa wa nyuma ya maduka. Gari lilikuwa uani chini ya kivuli cha turubai, linang'aa. Maram alipitisha mkono juu ya boneti, akauondoa haraka.

"Baba, ya moto. Limeshawashwa."

"Shhh," alisema Awadh, maana mlango ulikuwa unafunguliwa.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Nadra, mwanamke mtu mzima wa miaka sabini na ushei, mtandio mweupe, miwani minene. Ndiyo kwanza atoke edani. Mumewe, Bwana Sami, ndiye aliyekuwa mwenye gari.

"Karibuni, karibuni, ingieni ndani. Jua hili!"

"Tulikuwa, Bi Nadra, tungelitazama kwanza gari..."

"Gari litakimbilia wapi? Ingia, mwanangu."

Wakaingia. Harufu ya udi, mito ya majlis imepangwa, picha ya marehemu ukutani amevaa kilemba na tabasamu la mtu aliyeshiba. Maram alimtazama baba yake. Baba yake alitazama zulia. Sinia ikaja, halwa juu yake, na Bi Nadra mwenyewe akashika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia.

"Kiswahili chako cha mjini. Nyinyi watu wa wapi Unguja?"

"Mama yangu wa Kikwajuni."

"Kikwajuni! Mama yako nani?"

"Bi Thuwaiba."

Bi Nadra akasimama na dele lake hewani. "Thuwaiba mshona kofia? Wewe mtoto wa Thuwaiba? Wallahi mimi nimekula kwa mama yako! Nimekaa kwenye mkeka wake akinifunza kutoboa vitundu vya kofia!" Na machozi yakamtoka hapo hapo, bila ya kuyaficha.

Kwisha habari. Awadh akapokea finjani, akanywa. Akatiwa ya pili. Bi Nadra akasimulia: marehemu alilitunza gari lile kuliko alivyomtunza yeye, Ijumaa baada ya sala yeye huachwa na sahani zake, bwana akaenda kulisugua. Simu ya Awadh ikatetemeka, Bakhit kutoka gereji. Awadh akaigeuza kifudifudi juu ya mto. Mtu anaanzaje? Umekaa ndani ya nyumba ya marehemu, unakula halwa ya mjane wake, marehemu mwenyewe anakutazama kutoka ukutani, halafu useme: samahani, tunataka kulipeleka gari lake kwa kompyuta, tuone kama alikuwa mkweli?

Mara mbili tatu Bi Nadra alifungua mdomo kama mwenye jambo. "Lakini mwanangu, gari lenyewe..."

"Gari zuri, mashaallah!" Awadh alimdakiza, akiogopa asije akadhani anashukiwa. "Linaonekana tu. Lina mkono wa mtu ndani yake."

Na Bi Nadra huufunga mdomo, akainamisha macho, akamimina nyingine. Awadh alipotikisa finjani kuonyesha imetosha, gari lilikuwa limeshanunuliwa. Kesho yake wakaenda kubadilisha mulkiya, kadi ya gari.

* * *

"Umekunywa?" aliuliza Khawla, goti juu ya mto.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Khawla, yule mama amekula kwa mama yangu."

Khawla akamtazama Maram, Maram akatazama dirishani, na Khawla akajua yote. Lakini lile gari lilikuwa pale nje, jekundu, na mtoto wao alipokaa kwenye usukani uso wake ulifunguka kwa namna ambayo hawakuwa wameiona tangu siku ya mahafali. Khawla akameza maneno yake. Alipenda kumwona mwanawe anacheka, basi.

Siku za mwanzo Mtaliana, kama walivyomwita, alikwenda vizuri. Awadh alikuwa akitoka nje alfajiri kumfuta vumbi, ijapokuwa vumbi lenyewe halijatua. Maram akipiga honi ndogo anapokata kona, baba mtu hubaki barabarani amesimama, mkono juu, mpaka teksi zimpigie kelele apishe.

Kisha likaja joto la Juni.

"Baba," Maram alisema kwenye simu, sauti nyembamba. "Mshale wa joto umepanda mpaka mwisho. Na moshi unatoka."

Bakhit na Awadh walimkuta kando ya barabara, karibu na mzunguko wa Burji Sahwa, amejifunika koti lake jeupe la maabara kichwani kwa jua. Magari ya Rusayl yalikuwa yakipita mfululizo. Wenzake wawili wa kiwandani walikuwa wamepunguza mwendo, si kumsaidia, mmoja alimtolea kichwa dirishani akamuuliza, "Dada, unapika nini?" Maram aliwasimulia hilo huku anacheka, na kicheko kilikuwa si chake. Awadh akamimina maji kwenye rejeta, chupa baada ya chupa, mvuke unamchoma vidole.

Maram alifika kazini amechelewa. Wiki haikwisha, Mtaliana akachemka tena, pale pale. Mara hii msimamizi wake, Bwana Yazan, alimwita pembeni. Hakumgombeza, na bora angemgombeza.

"Kazi yako nzuri, Maram. Lakini majaribio ni majaribio. Ikitokea tena, mimi sina la kukutetea."

* * *

Kwenye gereji ya Ghala, Bakhit alizungusha kifuniko cha oili, akakigeuza. Kwa ndani kilikuwa na utando mweupe, mzito. Akauchota kwa kidole, akamwonyesha shemegi yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na mzaha.

"Gasketi imeungua. Maji yanaingia kwenye oili. Na haikuungua kwenu, hii ya siku nyingi. Spea ziagizwe nje, zije, injini ifunguliwe yote..." Alitaja pesa, na Awadh akatafuta pa kukaa. Alikaa juu ya tairi, na kanzu yake nyeupe.

"Kifuniko hiki tu, shemegi," alisema Bakhit polepole. "Kidole kimoja tu."

Basi ikawa Bakhit ndiye anayempeleka Maram Rusayl kila alfajiri kwa teksi yake, akiacha abiria wake wa asubuhi wa Matrah wachukuliwe na wengine. Hakulalamika, ila utani ulimrudia, na kila utani ulikuwa na mwiba. Akifika mlangoni huuliza, "Bibi harusi wa Mtaliana yuko tayari?" Maram hucheka kwa adabu. Awadh hujifanya anatafuta viatu. Na wote walijua Bakhit ana watoto wa kulisha, hawezi kuendelea hivi mpaka majaribio yaishe.

"Nenda kwa huyo mama," alisema Khawla. "Mwambie gari bovu, arudishe pesa."

"Nimwambie mjane..."

"Mwambie. Au nibebeni na goti langu nikamwambie mimi."

Akaenda. Njia nzima ndani ya teksi alikuwa akijisemea: Bi Nadra, gari lina matatizo. Hapana, hivi: Bi Nadra, kuna jambo dogo. Alipobisha, Bi Nadra akafungua na uso umemeremeta, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Mtoto wa Thuwaiba! Ingia, ingia. Leo umeniwahi, nimechoma mkate wa kumimina, kama wa mama yako."

Dele likaja. Finjani ikaja. Mkate ulikuwa laini, na kwa kweli ulikuwa kama wa mama yake.

"Na gari? Linakwenda?" Bi Nadra aliuliza, akikata mkate bila kumtazama.

"Alhamdulillah," alijibu Awadh.

Bi Nadra akaweka kisu chini, akangoja. Kisha Awadh akaaga, akafungiwa mkate uliobaki.

Nyumbani, Khawla alikitazama kile kifurushi cha mkate juu ya meza kwa muda mrefu. "Umekwenda na gari bovu," alisema, "umerudi na mkate."

Maram ndiyo kwanza aingie kutoka kazini, hajavua viatu. Akakaa mkabala na baba yake. Hakupaza sauti, Maram hana tabia ya kupaza sauti.

"Baba, nikuulize?"

"Niulize, mwanangu."

"Bi Nadra unamwonea muhali. Muuza samaki unamwonea muhali. Yule fundi aliyetuharibia bomba ulimwonea muhali, ukampa na nauli. Maskati nzima unaionea muhali, baba. Mimi na mama je? Nilikwambia boneti ya moto, ukaniambia shhh. Siku zote anayeambiwa shhh ni mimi. Watu wanakusifu, Awadh mtu wa adabu, na hiyo adabu tunailipa sisi."

Machozi yalikuwa yakimshuka, akayaacha yashuke. Kisha akainuka, akambusu baba yake juu ya kofia kama afanyavyo kila siku, akaenda ndani kupiga pasi koti lake la kesho.

Awadh alibaki na kipande cha mkate mkononi. Akakirudisha mezani. Alijiona, labda kwa mara ya kwanza, mtu mchoyo. Mkarimu kwa watu wa nje na mchoyo kwa wake. Alimtazama Khawla amtetee. Khawla alimpenda mumewe mno, lakini hilo hakulitetea.

* * *

Kesho yake, walipokwisha kumwacha Maram getini Rusayl, Awadh alimwambia Bakhit ageuze Azaiba.

"Ntakungoja nje," alisema Bakhit. "Na mkate siutaki."

Bi Nadra akafungua, akamkaribisha, akaleta sinia. Akamimina. Awadh akaipokea finjani kwa mkono wa kulia kama ipasavyo. Akaiweka chini juu ya sinia, imejaa, hajaitia mdomoni.

Oman hakuna asiyelijua tendo hilo. Mgeni akiiweka finjani chini bila ya kuinywa, ameshasema: nna haja kubwa, na kahawa yako siinywi mpaka nisikilizwe. Na mwenye nyumba hapo hana ruhusa ya kujifanya hakuona. Awadh alikuwa ameliona likifanywa na wazee kwenye suluhu na posa. Yeye mwenyewe hakupata kulifanya maishani mwake.

Bi Nadra akalitua dele taratibu. "Sema, mwanangu."

"Gari bovu, Bi Nadra." Sauti ilimtoka ya kukwaruza, akasafisha koo. "Lilikuwa bovu tangu liko kwako. Linachemka njiani. Binti yangu kachelewa kazini mara mbili kwa sababu yake, na akichelewa tena atafukuzwa. Alingoja kazi hii miaka. Siwezi kunyamaza."

Alidhani dari litamwangukia. Halikuanguka. Bi Nadra alijifunika uso kwa mtandio, na kutoka ndani ya mtandio akasema, "Afadhali."

"Vipi, Bi Nadra?"

"Afadhali umesema. Mkate ule nilikuchomea kwa roho inayonisuta. Nilijua iko siku utakuja, na siku ile ulikuja kwa hilo. Nikangoja useme, hukusema. Na mimi nikaona muhali kuanza." Akaufunua uso, macho mekundu. "Mwanangu Osama aliniambia lipashwe moto kabla hamjafika. Alisema magari yote huuzwa hivyo. Nikakubali. Lakini mlipokaa hapa nilitaka kukwambia, Mungu shahidi wangu. Lilikuwa likimsimamisha marehemu njiani, siku zake za mwisho alikuwa anangojea spea. Kila nikifungua mdomo, wewe unalisifu. Lina mkono wa mtu ndani yake, ulisema. Tangu afe Sami watu wanakuja hapa, wanasema Mungu amrehemu, wanakula, wanaondoka. Hakuna aliyemsifia kitu chake. Nikasema moyoni, niache nisikie kidogo tu."

Awadh hakujua aweke wapi macho yake. Alimhurumia kwa moyo wake wote, na palepale muhali ukaanza kumpanda, ule ule wa siku zote: mwambie si kitu, mwambie basi, inuka uende. Akamkumbuka Maram kando ya barabara na koti kichwani. Akakaa.

"Pesa nyingine nimeshampa Osama, sina za kukurudishia zote," aliendelea Bi Nadra. "Lakini nyuma ya nyumba kuna Tayota yangu ndogo. Tangu nipasuliwe jicho siendeshi, inatoka na kijana wa jirani tu akinipeleka hospitali. Mpe binti yako. Na kilichozidi bei yake ntakulipa kidogo kidogo, Osama apende asipende. Langu lile nirejeshee hata likija kwa kuvutwa. Halina haja ya kwenda mahali. Kivuli kile kitupu, nikitoka asubuhi, kinaniua."

"Hapana, Bi Nadra, siwezi kuku..." Awadh akajikata mwenyewe. Akavuta pumzi. "Ahsante. Ntaipokea. Lakini..."

"Lakini nini?"

Maneno yale yalikuwa mazito kuliko yote aliyopata kuyasema, hata kuliko siku aliyokwenda kumposa Khawla. "Lakini kwanza nifungue boneti."

Bi Nadra alimkodolea macho kupitia miwani yake minene, kisha akapasuka kwa kicheko, akashika mbavu. "Ifungue! Mwite na yule aliyekuwa akikupigia simu siku ile, ukaigeuza kifudifudi. Unadhani sikuona?"

Bakhit akaja na mfuko wake wa vyombo, na kompyuta yake ndogo. Tayota ilikuwa ya kijivu, imepauka, mlango mmoja una mchubuko. Awadh akaishika boneti kwa kiganja kizima: baridi. Akakunja mikono ya kanzu. Bakhit alitaka kukishika kifuniko cha oili, Awadh akamsukuma mkono. Akakizungusha mwenyewe, akakigeuza, akaingiza kidole, akakitoa juani. Oili safi, bila ya utando. Akachungulia rejeta, akavuta kijiti cha oili, akalala chini kwenye saruji na umri wake kutazama kama kuna kinachovuja. Jasho lilimtoka kwa aibu kila alipoukaza mkono kwenye kitu cha watu, na Bi Nadra, aliyesimama na kumshikia tochi mchana kweupe, alikuwa akimwambia, "Pima, mwanangu, pima. Mimi siyo gari, siumii."

"Nzima," alisema Bakhit hatimaye. "Mikanda ya kubadilisha, na betri haina siku nyingi. Vingine vizima."

"Kilichozidi nimesema ntakulipa," Bi Nadra alimkumbusha Awadh.

Awadh alifungua mdomo kusema si kitu, Bakhit akakohoa. "Haya, Bi Nadra," alisema Awadh. "Kidogo kidogo."

"Na hospitali yangu? Binti yako anaweza siku moja moja kunipeleka?"

Zamani angejibu kabla swali halijaisha. "Ntamuuliza mwenyewe," alisema. "Akikubali, atakupeleka. Akikataa, ntakupeleka mimi."

Bi Nadra akaenda kumwaga ile kahawa iliyopoa, akaanza kupika nyingine. Awadh akiwa bado uani, simu ikalia. Khawla.

"Umekunywa?"

"Bado. Ndiyo kwanza nafunga boneti."

Akasikia mkewe anavuta pua. "Na oili?"

"Safi, Khawla. Nimeitazama kwa macho yangu."

"Basi kunywa, mume wangu," alisema Khawla. "Kunywa mpaka uchoke."

* * *

Zamu ilipotoka, wafanyakazi wa kiwanda walimiminika getini na jua la Rusayl likiwapiga usoni. Maram alikuwa akitafuta teksi ya mjomba wake. Hakuiona. Akaona gari dogo la kijivu, na kando yake baba yake amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

Maram akalizunguka gari polepole. Akaigusa boneti.

"Ya moto, baba."

"Nimeiendesha kutoka Azaiba, ndiyo maana. Nilipoikuta ilikuwa baridi. Niliigusa kabla ya kitu chochote."

"Mlango una mchubuko."

"Una. Na betri itataka kubadilishwa, sikufichi."

"Umeikagua wewe? Wewe mwenyewe, na mwenye gari amesimama pale?"

Awadh akaitoa mikono kutoka nyuma. Ilikuwa myeusi mpaka viwiko, makucha yamejaa grisi, na kanzu yake kifuani ilikuwa haina tena tamaa ya kutakata. Bi Nadra alikuwa amemletea sabuni na maji kabla ya kahawa. Akaosha ncha za vidole vya kushikia finjani tu, mafuta mengine akayaacha. Alitaka Maram ayaone.

Maram aliitazama. Wenzake walikuwa wakipita, na yule wa kuuliza unapika nini alikuwa miongoni mwao. Hakuwajali. Akaishika mikono ya baba yake yote miwili, akaibusu, huu na huu, na grisi yake. Alipoinua uso, ncha ya pua ilikuwa nyeusi tititi.

"Mwanangu," alisema Awadh papo hapo, bila ya kuona muhali hata chembe, "una mafuta puani."